Kiti cha Ngozi na Sanduku la Jetoni

"Bukavu nzima, fundi ya mbao iko mumoja tu! Bengine bote ni bakata-kuni!"

Siku niliyomtia Apollinaire machoni kwa mara ya kwanza, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake. Hakusema yambo. Hakuuliza habari za asubuhi. Alisimama mlangoni mwa atelie yetu ya useremala kule Kadutu, mikono kiunoni, akatuangalia sisi wakata-kuni mmoja mmoja, kama askofu anayekagua watoto wa komunyo.

Alikuwa amevaa abakosti, ile suti ya bakubwa isiyo na tai! Fundi mbao, ndani ya vumbi la randa, kavaa abakosti mpaka shingoni. Nyuma ya sikio alikuwa na penseli iliyochongwa vizuri sana, ndefu na safi. Baadaye nilielewa kwa nini haikupungua: haikuwahi kufanya kazi.

Mwenye atelie, Papa Grégoire, aliweka msumeno chini.

"Unajua kutengeneza nini?"

"Uliza ile sijue, Papa. Itakuwa mufupi."

"Haya. Ile haujue ni nini?"

Apollinaire alifikiri kidogo, akatazama paa.

"Hakuna."

Papa Grégoire alimpa kazi. Alifanya nini tena? Fundi wetu wa kweli alikuwa amekimbilia dhahabu ya Kamituga, na watu walikuwa wanadai vitanda vyao. Mimi nilibaki kwenye kona yangu. Kazi yangu ni kupaka mbao verni ya kuzing'arisha, na verni ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kusema, maana ukifungua mdomo sana harufu inaingia.

Kiti chake cha kwanza kilikuwa na miguu minne, lakini mitatu tu ndiyo iliyofika chini.

"Na huu wa ine?" aliuliza Papa Grégoire.

"Ule ni ya akiba."

Wakati ule wa Zaïre majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwenye karatasi. Kila mtu alitakiwa achukue jina la wazee wake. Sisi wengine tulichukua moja tukarudi kazini. Apollinaire alichukua ya wazee wote! Jina lake likawa refu kama barabara ya Shabunda, na lenye mashimo vilevile. Mwandikaji wa ofisi ya zone alipumzika katikati, akanywa chai, ndipo akamaliza. Basi sisi, kwa kuokoa muda, tuliendelea kumwita Apollinaire.

Sasa, mbele ya atelie alikuwako Maman Marcelline. Huyo ni mjane aliyeuza bugali na maharage, mwanamke wa maneno machache na sahani zilizojaa. Jumapili alikuwa anapika kule Nyalukemba, kwenye jikoni ya Cercle ya Ziwa, nyumba ya bakubwa kupumzikia. Apollinaire alimtaka. Kila mchana alikula sahani yake amesimama, ili mikunjo ya abakosti isiharibike, akiuliza swali lilelile.

"Marcelline, mutu kama mimi, unanikatalia juu ya nini?"

"Juu ya mudomo, Papa. Mudomo yako inatembea mbele, wewe unabaki nyuma. Mi nitaolewa na nani kati yenu babili?"

Tulicheka sote. Hata mimi nilicheka, lakini kwa ndani.

"Utaona!" alisema Apollinaire. "Siku moja utanipakulia chakula niko nimekaa na bakubwa ba Cercle!"

Marcelline alicheka mpaka mwiko ukaanguka kwenye majivu. Aliuokota, akaupangusa, akamwelekeza nao kifuani kama hakimu.

"Sikiliza. Kule Cercle kuko kiti moja ya ngozi, ya misumari ya shaba, haina mutu. Mwenye yake alihamishwa Kindu. Siku nitakukuta umekaa mu kile kiti, matako yote mbili, nitaolewa na wewe bila mahari! Ba papa wa atelie, mumesikia?"

"Tumesikia!" atelie nzima iliitika.

Kuanzia siku ile mwanaume hakulala vizuri. Wengine wanaota mbinguni, wengine wanaota Ulaya. Apollinaire aliota kiti.

Na shetani, ambaye hapendi kuona mtu anasubiri bure, alimleta Citoyen Camille, maana wakati ule kila bwana aliitwa Citoyen.

Camille alikuwa ndiye Président wa Cercle, na jina lake la ubatizo tulilitumia mgongoni mwake tu. Mwaka ule serikali ilikuwa imegawa maduka ya wageni kwa wananchi, naye akapewa duka la Mugiriki mmoja. Alilipokea pamoja na nyumba, friji, mbwa asiyesikia Kiswahili, na ndani ya kabati, mfuko wa jetoni. Yaani vile vidude vya mviringo, vya udongo mgumu uliopakwa rangi, ambavyo watu wanaviweka mezani badala ya pesa wanapocheza karata za poka. Nyekundu, nyeupe, buluu na nyeusi.

Poka yenyewe, kule Cercle, hakuna aliyeijua sawasawa. Walijua kushika karata karibu na kifua, kukunja uso na kuvuta pumzi ndefu. Yaliyobaki walikuwa wanakubaliana njiani. Walipobishana, mshindi alikuwa yule mwenye cheo kikubwa. Mchezo mzuri, unajua mapema nani ameshinda!

Camille aliingia kwetu ameshika jetoni moja kwa vidole viwili, kama padre anavyoshika hostia.

"Batu ba maana," alisema, "jetoni yao inatoka mu sanduku ya mbao. Yangu inatoka mu mufuko ya sukari. Juzi mukubwa mumoja wa Chama alikuta sukari kwenye mukono. Aliramba! Président wa Cercle nzima, mugeni wake anaramba vidole! Nataka sanduku."

Kabla Papa Grégoire hajafunga kifungo cha shati, Apollinaire alikuwa tayari mbele.

"Citoyen Président, nitakufanyia sanduku haijaonekana! Haina funguo. Haina kufuli. Haina musumari hata moja. Mwizi atailia machozi. Inafunguka kwa akili tu!"

"Akili ya nani?"

"Yangu."

Camille alikuna kidevu.

"Na Jumapili ile wewe hauko?"

"Nitakuwako kila Jumapili!"

Hapo ndipo nilipouona mtego. Kumbe hakutaka kutengeneza sanduku! Alitaka kutengeneza sababu ya kukaa.

"Na bei?"

"Mimi sitaki feza, Citoyen Président. Nataka kile kiti ya ngozi yenye haina mutu. Nikae pale karibu na sanduku yangu, ili musisumbuke kunitafuta."

Camille alitazama ile abakosti. Kwa mbali ilifanana na ya mtu mkubwa. Akasema sawa, siku sanduku likifunguka mbele ya wageni, kiti ni chake.

"Na mbao ni ya nani?" Papa Grégoire aliuliza nyuma, sauti imemkauka. "Mbao ni yangu!"

"Papa, utukufu tutagawana," Apollinaire alimjibu.

Basi kazi ikaanza. Alichagua libuyu, ule mti mwekundu unaotoka Bunyakiri, mzito kama dhambi. Alikata mbao nene hata ungefikiri jetoni zile zitapigiwa mizinga. Alichonga siku nyingi akiwa amewapa mgongo wateja wa vitanda. Ndugu zangu, nitasema ukweli hata kama haupendezi: lile sanduku lilikuwa zuri! Ndani alitengeneza vyumba vidogo vya kusimamishia jetoni kwa safu, kila rangi na chumba chake. Nje lilikuwa laini kote, bila mpini, bila bawaba. Nami nililipaka verni mpaka nikaona sura yangu, nikaacha, maana sikutaka kuendelea kuiona.

Siri yake alinieleza mimi peke yangu.

"Wewe Placide hausemi. Kukuambia siri ni kama kuambia ukuta, ila ukuta haikohoi."

Siri ilikuwa hivi. Kifuniko kilikuwa cha kuteleza, kama mlango wa kibanda. Ndani ya kifuniko kulikuwa na vijiti vidogo ambavyo, sanduku likisimama wima, vinaanguka kwenye matundu na kukizuia kisiteleze. Ukitaka kufungua, unalipindua sanduku juu chini. Vijiti vinarudi, unasukuma kifuniko, basi! Akili hiyo aliitoa kwa mzungu mmoja wa misioni aliyekuwa anaficha sigara.

Kila mtu aliyepita barabarani alionyeshwa. Apollinaire aliwaacha wasukume, wavute, wapulize, watukane. Kisha anageuka, anawapa mgongo, anapindua sanduku tupu, tak! Limefunguka.

"Eeeh!" watu walisema.

"Bakata-kuni!" yeye alijibu.

Papa Grégoire peke yake hakupiga makofi.

"Apollinaire, jaribu na jetoni ndani."

"Président alinipa moja tu ya kupimia."

"Weka basi hata maharage ya Marcelline, tuone."

Apollinaire alitugeukia sisi wote, mikono juu, kama mtu aliyeibiwa mchana.

"Maharage! Munamusikia? Sanduku ya bakubwa, niweke maharage! Papa, fundi hajaribu. Fundi anajua!"

Muzee alitikisa kichwa, akarudi kwenye kitanda chake.

Jumapili ikafika. Baada ya misa tulibeba sanduku mimi na yeye kutoka Kadutu hadi Nyalukemba, yeye mbele, mimi nyuma. Alikataa kulifunika. Alitaka Bukavu yote ilione. Alipitia njia ndefu, akasimama kila penye watu, akijifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Karibu na soko, maman mmoja alitoka barabarani, akapiga alama ya msalaba.

"Poleni sana, ba papa. Alikuwa mutoto mudogo?"

"Maman, hapana!" Apollinaire aliwaka. "Hii ni ya jetoni!"

"Jetoni njo jina yake? Mungu amupokee Jetoni."

Wengine walivua kofia. Tulipofika mteremko wa Nyalukemba, nyuma yetu tulikuwa na kundi dogo linaloimba taratibu. Apollinaire hakuwafukuza. Alisema moyoni, nadhani, kwamba msafara ni msafara.

Cercle ilikuwa nyumba nyeupe juu ya ziwa. Bakubwa walikuwa wamekaa kuzunguka meza ya kijani, matumbo yamegusana. Yule mkubwa wa Chama alikuwako, mikono yake ameiweka juu ya magoti, bila shaka anaogopa sukari. Na upande wa dirisha, ndugu zangu, kilikuwako kiti! Ngozi nyekundu, misumari ya shaba inang'aa, na mgongo mrefu kama wa mfalme. Nilimwona Apollinaire anameza mate.

"Na huyu nyuma yako ni nani?" Camille aliuliza.

Wote walinigeukia. Nilitaka kusema jina langu. Ulimi ulikataa.

"Verni," nilisema.

"Karibu, Citoyen Verni. Simama kule."

Nikasimama kule, kwenye mlango wa jikoni, pembeni ya Maman Marcelline aliyekuwa ametoka na mwiko wake kuangalia mambo.

Apollinaire alikohoa. Camille alimwaga jetoni zote kutoka kwenye mfuko wa sukari, naye akazipanga moja moja kwenye vyumba vyake. Ziliingia sawasawa kabisa! Akasukuma kifuniko. Vijiti vikaanguka ndani. Tik, tik, tik. Sanduku likawa jiwe.

"Citoyens, jaribuni!"

Walijaribu. Mmoja alisukuma kwa gumba. Mmoja alinusa. Mkubwa wa Chama alilipiga kofi, kama alivyozoea kufungulia mambo. Hakuna! Wakacheka, wakashangaa, wakasema kumbe Bukavu iko na watu. Apollinaire alivimba. Kifungo cha abakosti kilianza kulia.

Akasogea kwenye kiti. Akapinda magoti. Matako yake yalikuwa upana wa kiganja kutoka kwenye ngozi. Marcelline, pembeni yangu, aliushika mwiko kwa mikono miwili. Nilimsikia ananong'ona:

"Yezu Maria, mi nilikuwa nachekesha tu!"

"Ngoja, Citoyen," alisema Camille. "Fungua kwanza. Halafu ukae."

"Bila shaka!"

Apollinaire alinyooka, akachukua sanduku, akawapa mgongo, akalipindua juu chini.

Krrrrrrrrr!

Kwa wale wasioelewa, nitaeleza. Sanduku tupu ukilipindua, vijiti tu ndivyo vinavyoanguka. Sanduku lililojaa ukilipindua, kila kitu kinaanguka. Jetoni zote, nyekundu, nyeupe, buluu, nyeusi, zilitoka kwenye vyumba vyao zikalala kwa fujo juu ya kifuniko. Apollinaire alisukuma. Kifuniko kilisogea upana wa ukucha, kikazibana jetoni kati yake na kuta za vyumba, kikagoma. Akakirudisha. Hakikurudi! Mbele hapana, nyuma hapana.

"Inakuya," alisema.

Alisukuma tena, mpaka shingo ikatoka mishipa.

"Inakuya, Citoyens. Ni mambo ya ufundi."

Akalitikisa. Jetoni zililia ndani, chaka-chaka-chaka. Akalitikisa juu, akalitikisa chini, akalitikisa kando ya sikio. Chaka-chaka! Mkubwa wa Chama, ambaye kila asubuhi anaongoza watu kuimba na kucheza mbele ya ofisi, alisikia mdundo, na mabega yake yakaanza kwenda yenyewe. Mabega ya mkubwa yakienda, nani atabaki amekaa? Bakubwa wote wakasimama! Wakapiga makofi, wakazunguka meza kwa mstari, viuno vizito vikiyumba, na katikati yao Apollinaire, jasho linamtoka kama bomba, anatikisa, anatikisa, anafikiri akiacha kutikisa atauawa.

Hatimaye mkubwa alichoka, akakaa. Wote wakachoka papo hapo.

"Vizuri sana," alisema mkubwa. "Sasa jetoni iko wapi?"

Tulisikia ziwa.

"Leteni shoka!" Camille alisema.

"Citoyen Président, hapana!" Apollinaire alilikumbatia sanduku. "Hii ni libuyu! Shoka itachoka!"

"Itachoka nini? Wee!"

"Na ukipiga, jetoni itapasuka yote ndani!"

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu nimjue. Camille alishusha mikono. Karata zilikuwa zimegawanywa tayari, mkubwa alikuwa anagonga meza kwa vidole, na hapakuwa na kitu cha kuchezea. Mmoja akasema tutumie vifuniko vya bia. Camille alikataa kwa hasira: vifuniko vyote ni rangi moja, na sisi ni watoto wa barabarani? Mwingine akataja njiti za kiberiti. Mkubwa alizitazama zile njiti kwa huzuni.

Ndipo Camille alipoona mfuko kwenye mlango wa jikoni. Ulikuwa wa Marcelline. Ndani kulikuwa na maharage makavu ya mbegu, aliyokusudia kumpelekea mama yake Kabare kesho yake, maana mvua ilikuwa imeanza. Hakuyaacha nyumbani kwa sababu ya panya, na kwa sababu ya majirani. Na maharage ya kwetu mnayajua: mekundu, meupe, ya njano, ya madoadoa.

"Maman, leta hiyo."

"Hii ni mbegu, Citoyen Président."

"Tunaazima tu."

"Bakubwa bakiazima, kinarudi?"

Mkubwa wa Chama alikohoa. Marcelline hakuogopa. Alibeba mfuko wake kifuani, akaingia mwenyewe mpaka mezani.

"Nitawapatia. Lakini mi natoka hapa na maharage yangu yote. Nitakaa palepale niyaangalie na macho yangu."

"Ukae wapi? Kiti hakuna!"

"Hakuna? Na hii?"

Akakaa!

Alikaa kwenye ngozi nyekundu, katikati ya misumari ya shaba, mwiko bado mkononi, na kile kiti kilimpokea kama kilikuwa kinamngoja yeye tangu siku kilipotengenezwa. Akamwaga maharage mezani, akayatenga kwa rangi.

"Nyekundu ni ya bei kubwa," alisema. "Nyeupe ni ya bei kidogo. Ya njano na ya madoadoa ni ya katikati. Na mutu asikule!"

Camille alimtazama mkubwa, mkubwa alimtazama Camille. Aibu ilikuwa inakaribia. Lakini mtu hawi Président wa Cercle kwa bure. Camille alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Citoyens! Jetoni ni bintu ya nani? Ya bakoloni! Maharage ni ya nani? Ya bankambo, bazee betu ba zamani! Kuanzia leo, hapa Cercle, tunarudi kwa maharage! Mwenye kutaka jetoni, iko na akili ya ukoloni!"

Makofi yakapigwa mpaka kioo cha dirisha kikalia. Mkubwa alimshika mkono, akasema hotuba kama hiyo hajaisikia tangu mwaka jana. Na baada ya hotuba kama hiyo, jamani, nani angethubutu kurudi kutafuta jetoni?

"Na hii sanduku?" Apollinaire aliuliza kwa sauti ndogo.

"Toa hiyo ukoloni hapa," alisema Camille.

Mchezo ukaendelea. Inasemekana poka haijawahi kuchezwa vizuri hivyo Nyalukemba, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu mezani asiyeogopa cheo. Mwishoni Marcelline alikusanya mbegu zake kutoka kwa washindi na walioshindwa sawasawa, akatazama mezani, akatazama chini ya meza, akamgeukia mkubwa wa Chama.

"Citoyen, fungua kinywa."

Mkubwa alifungua. Harage la njano lilikuwa limelala nyuma ya jino.

Sisi tulirudi Kadutu na sanduku letu. Njiani hakuna aliyetuimbia. Katika mlima, kila hatua, jetoni zilicheka ndani. Apollinaire alitembea kichwa chini mpaka tulipofika kwenye taa za soko, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilimhurumia kidogo. Lakini hapo akasimama, akageuka, na uso wake ulikuwa umerudi kama zamani.

"Placide, unaona? Imenishinda hata mimi, fundi wake! Ulisikia wapi sanduku imeshinda fundi wake? Hiyo ni sanduku gani! Hiyo ni maajabu ya dunia!"

Huruma yangu iliishia pale.

Papa Grégoire alimfukuza kesho yake. Alimpa sanduku kama mshahara, akisema utukufu wamekwisha kugawana. Apollinaire hakulipasua. Alisema si kazi ya fundi kuharibu kitu kilichokamilika. Alilibeba kichwani, akavuka barabara, akalitua mbele ya Marcelline.

"Marcelline. Wewe ulisema siku nitakaa mu kile kiti."

"Nilisema."

"Nilikuwa karibu! Uliniona na macho yako! Ilibakia kidogo!"

"Kidogo hiyo nimeikalia mimi."

Marcelline alikoroga sufuria, akamwacha asimame jua limpige vizuri. Kisha akavuta pumzi. Sasa alikuwa mtu wa kazi nyingi. Kila Jumapili Cercle ilimtumia gari, maana maharage ya bankambo yalihitaji mwenyewe, na katikati ya juma ilibidi yachaguliwe, yapanguswe, yatengwe rangi kwa rangi, yenye tundu yatolewe. Mkono wa pili ulihitajika.

"Vua hiyo abakosti," alimwambia. "Kaa chini, unichagulie."

"Nikae wapi?"

Marcelline alilisukuma sanduku kwa mguu.

Kuna watu wanaosema kwamba mwishowe fundi alimuoa Marcelline. Mimi niliwaona kila siku kutoka kwenye kona yangu ya verni, na naona ni Marcelline aliyemwandika kazi. Asubuhi mpaka jioni fundi alikuwa amekaa juu ya libuyu lake, ungo kwenye magoti, akitenga mekundu na meupe. Kila alipofungua mdomo kujisifu alijinyoosha mgongo, na kila alipojinyoosha mgongo, jetoni za Mugiriki zilimjibu chini ya matako: krrrr!

Mvua zilipokwisha, Papa Grégoire alinituma Bunyakiri kusimamia mbao, na mimi huko nilibaki. Siku ya kuondoka nilivuka barabara kumuaga Apollinaire. Nilisimama mbele yake na kifurushi changu, nikitafuta neno. Nilitaka kusema pole. Lakini yeye aliniangalia kutoka chini mpaka juu, akainua harage moja la madoadoa kwa vidole viwili, akaliweka kwenye jua kama padre, na sanduku likanguruma.

"Unaangalia nini, Placide?" alisema. "Unafikiri hii ni kazi ya kila mutu? Bukavu nzima, muchaguzi wa maharage iko mumoja tu! Bengine bote banakula mawe!"